TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: ANAYEHAMASISHA NYUKLIA ASIWE NDIYE ANAYEIKAGUA

*Kwa wanachama wote wa tawi. Wajumbe wa mashina, naomba muisambaze kama ilivyo, bila kukata.*



Taarifa hii ni ndefu, na naomba isomwe yote kabla ya kujibiwa. Mwanachama ambaye macho yanamsumbua, mjumbe wa shina lake amsomee. Jumapili saa 9 alasiri tunakutana ofisi ya tawi. Ajenda ya tatu ni azimio ambalo Kamati ya Utendaji iliniagiza kuliandaa, ili likipita liende Kata na baadaye Wilaya. Azimio linahusu ukaguzi na udhibiti wa urani na nguvu za nyuklia nchini mwetu. Tangu nilipoweka rasimu humu Jumatano maneno yamekuwa mengi, na mengine hayafai kurudiwa mbele ya wazee. Najibu kwa maandishi ili kesho mtu asije akasema Katibu alisema hivi au vile.

Naanza na ile sauti iliyotumwa humu usiku wa Alhamisi. Ndugu yetu, ambaye namheshimu, aliuliza mtu wa diploma ya uhasibu anajua nini kuhusu nyuklia. Akasema mambo haya tuwaachie wataalamu, na kwamba tawi likijiingiza humo litaonekana linapinga maendeleo. Waliomwekea dole gumba nimewahesabu, ni 14.

Jibu langu ni hili. Sijui kutengeneza kinu cha nyuklia na sijawahi kusema najua. Ninachokijua ni ukaguzi. Azimio letu linauliza nani anamkagua nani, na huyo mkaguzi anakula kwa nani. Swali hilo halihitaji shahada ya fizikia. Kila mtu humu aliyewahi kuwekewa hela zake na kikundi analijua.

*1. TUNAZUNGUMZIA NINI*

Wapo wanaosema nyuklia ni habari za Ulaya. Si kweli.

Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani kwenye mradi wa Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mradi ni wa Mantra Tanzania, kampuni iliyo chini ya Rosatom, shirika la serikali ya Urusi. Ni Rosatom hiyo hiyo inayojenga kituo cha umeme wa nyuklia cha El Dabaa kule Misri. Viongozi wetu nao wamesema hadharani kwamba umeme wa nyuklia umo katika mipango ya mbele ya nchi yetu.

Na hapa kwetu je? Bahi na Manyoni urani imeanza kutafutwa siku nyingi. Kampuni ya Kijerumani, Uranerzbergbau, ilipita nchini kutafuta urani kati ya 1978 na 1982. Baadaye, bei ya dunia ilipopanda, zikaja kampuni za Australia. Wazee wa Bahi wanakumbuka magari na mashimo ya utafiti. Urani ya ukanda huu haiko chini sana, imelala juu juu katika udongo wa chokaa wa mabonde yale yale yanayokusanya maji ya mvua. Mto Bubu unamwaga maji yake Bahi. Humo ndimo watu wanamolima mpunga na kuvua samaki.

Mgodi Bahi bado haujafunguliwa, na ndiyo maana nasema huu ndio wakati wa kuzungumza. Kanuni za kikundi huandikwa kabla ya kuchanga hela. Ukisubiri hela ziingie ndipo uandike kanuni, kila mtu anavutia kwake.

Jambo moja la kitaalamu niliseme kwa lugha ya kawaida. Urani ikishachenjuliwa, kinachouzwa ni kile kidogo kilichochujwa. Tope linalobaki mgodini hubaki na sehemu kubwa ya mionzi iliyokuwamo kwenye mwamba, kiasi cha asilimia 85. Ndani yake mna radiamu, ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kampuni itachimba miaka 15 au 20, itafunga mahesabu na kuondoka. Tope litabaki na wajukuu wa wajukuu zetu. Kwa hiyo mtu pekee atakayebaki kati ya tope hilo na maji ya kijiji ni mkaguzi. Na tusidanganyane kwamba mabwawa ya tope hayapasuki. Bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, kule Kishapu, lilipasuka tarehe 7 Novemba 2022, tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya watu. Lile lilikuwa tope la almasi.

*2. KASORO IKO KATIKA SHERIA*

Chombo chetu cha kusimamia mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ikachukua nafasi ya Tume ya Mionzi iliyotokana na sheria ya 1983. Wafanyabiashara wa mazao mnaijua kwa cheti cha mionzi, kwani bila hicho mzigo wa chakula hauvuki mpaka. Wanaofanya kazi vyumba vya eksirei mnaijua kwa vile vifaa vidogo mnavyobandika kifuani kupima mionzi iliyowapata.

Nasema wazi ili nisieleweke vibaya. Simtuhumu mtumishi hata mmoja wa Tume. Wapo vijana wasomi pale wanaofanya kazi nzuri, na maabara yao ya Arusha ni mali ya taifa ya kujivunia. Hoja yangu ni muundo.

Sheria ile imeipa Tume moja kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kudhibiti: kutoa leseni, kukagua, kuzuia, kufungia. Kazi ya pili ni kuhamasisha na kuendeleza matumizi ya teknolojia ya nyuklia nchini. Maana yake ni kwamba asubuhi unawashawishi watu waikubali nyuklia, na mchana unakwenda kuikagua useme ina kasoro. Ukisema ina kasoro, umeharibu kazi yako ya asubuhi.

Kwa vyumba vya eksirei na magunia ya mahindi ya Kibaigwa, muundo huo tumeishi nao. Kwa mgodi wa urani ni hatari. Kwa kituo cha umeme wa nyuklia haufai kabisa. Waswahili walishasema: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Na sisi wenyewe tunajua kutenganisha tukitaka. TANESCO inauza umeme, bei inasimamiwa na EWURA. Wizara ya Fedha inatunza hazina, lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hayuko chini ya Waziri wa Fedha. Yumo katika Katiba, Ibara ya 143, na ripoti yake ni lazima ifike Bungeni. Ikiwa hela za serikali tumeziwekea mkaguzi wa aina hiyo, kwa nini kitu kinachoweza kuchafua maji ya vizazi tukiwekee mkaguzi ambaye pia ni mhamasishaji?

*3. NILICHOKIONA KWA MACHO YANGU*

Nilipomaliza diploma nilipata kazi kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitakitaja, na aliyekosea kule alishatangulia mbele ya haki. Mtunza hesabu wetu alikuwa mtu wa dini, mpole, hanywi. Yeye ndiye alipokea michango, ndiye aliandika leja, ndiye alikwenda benki, na mwisho wa mwezi ndiye alilinganisha daftari na taarifa ya benki. Kila mwaka mkutano mkuu ulisomewa kwamba hesabu ni safi, tukapiga makofi na kunywa soda.

Siku moja akalazwa kwa malaria wiki mbili. Nikaambiwa nimshikie daftari. Siku ya tatu niliona stakabadhi ambazo namba zake hazifuatani. Siku ya sita nilijua kwamba shilingi milioni 11 na ushee hazipo. Zilikuwa hela za wauza mboga na mafundi baiskeli. Kuna mama mmoja alikuwa akiweka za ada ya mwanawe wa kidato cha tano. Mtoto yule hakurudi shule muhula ule.

Watu walisema yule bwana ni mwizi. Mimi nilikaa naye ofisi moja, sikuwahi kuamini kwamba aliingia mle akiwa na nia hiyo. Alianza kwa kukopa kidogo, akijua hakuna mwingine atakayefungua daftari. Tungemweka mtu wa pili wa kulinganisha hesabu, angebaki mtu mwema mpaka anastaafu. Kutenganisha kazi kunamlinda hata yule anayekaguliwa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari likiwepo, likishikwa na mtu mmoja peke yake, mali itaisha vilevile.

*4. WALIOTUTANGULIA WALIJIFUNZA KWA GHARAMA*

Marekani nao walianza na tume moja ya kuhamasisha na kudhibiti. Mwaka 1974 Bunge lao likaivunja, na Januari 1975 mdhibiti akaanza kazi peke yake.

Japani walichelewa. Mkaguzi wa vinu vyao alikuwa chini ya wizara ile ile ya uchumi na viwanda iliyokuwa ikiitangaza nyuklia. Mwaka 2000 mhandisi mmoja aliyewahi kukagua kituo cha Fukushima aliiandikia serikali kwamba kumbukumbu za ukaguzi zimechezewa. Kilichofuata ni kwamba jina lake lilifika kwa kampuni aliyoilalamikia. Agosti 2002 kampuni hiyo, TEPCO, ikakiri kughushi, na kufikia Aprili 2003 vinu vyake vyote 17 vilikuwa vimezimwa vikaguliwe. Hata hivyo mkaguzi akaachwa palepale wizarani.

Mwaka 2008 hesabu za ndani za kampuni hiyo zilionyesha kwamba wimbi la bahari la zaidi ya mita 15 linaweza kufika Fukushima. Kituo kilikuwa kimeandaliwa kwa wimbi la mita 5.7. Hakuna aliyelazimisha kuta zipandishwe. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko likaja, wimbi likaja, vinu vitatu vikayeyuka ndani, na zaidi ya watu 150,000 wakahama makwao. Tume huru ya Bunge la Japani ilisema katika ripoti ya Julai 2012 kwamba janga lile lilikuwa la kutengenezwa na binadamu, na kwamba mdhibiti alikuwa ameshageuka mtu wa kampuni. Septemba mwaka huo ndipo wakaunda mdhibiti mpya nje ya wizara ile. Nchi yenye wahandisi wa kiwango kile ilikosa kitu kimoja, mkaguzi asiyemwogopa anayemkagua.

India nako kuna funzo linalonigusa kama mhasibu. Aprili 2010, mtaa wa vyuma chakavu wa Mayapuri, Delhi, mafundi walikata kifaa cha zamani kilichouzwa kwa mnada na chuo kikuu. Ndani kulikuwa na kobalti yenye mionzi. Mtu mmoja alikufa, wengine wakaumia. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India akaingia kukagua bodi yao ya usalama wa nyuklia, na ripoti yake ya 2012 ikasema bodi ile haina uhuru wa kisheria. Kati ya mashine za eksirei za hospitali nchini mwao, asilimia 91 zilikuwa hazijasajiliwa kwa mdhibiti. Yule aliyeibua hayo ni mhasibu wa serikali. Mliouliza mhasibu anahusika vipi, naamini mmepata jibu. Na ninyi vijana wetu wa vyuma chakavu mnaokusanya pale Sabasaba, kumbukeni kwamba wale wa Mayapuri walikuwa wakifanya kazi kama yenu.

Jirani zetu Kenya mwaka 2019 walitunga sheria zilizowapa vyombo viwili: wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia, na mamlaka ya kudhibiti. Kutenganisha hakukumaliza ugomvi, kwani mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukataa kituo kijengwe kwao. Lakini angalau wanajua wa kumlalamikia na wa kumdai vipimo ni wawili tofauti.

Afrika Kusini wana Koeberg, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika kwa sasa. Mdhibiti wao anajitegemea kwa sheria ya 1999. Hata hivyo, mwaka 2022 waziri alimwondoa mjumbe wa bodi aliyewakilisha asasi za kiraia, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule hakukuwa halali. Kwa hiyo kutenganisha vyombo peke yake hakutoshi, ni lazima pia mkaguzi awe na ulinzi asifukuzwe kwa sababu amesema lisilopendeza.

*5. HOJA ZA WANAOPINGA AZIMIO*

*"Nchi yetu haina wataalamu wa kujaza vyombo viwili."* Kama hatuna wataalamu wa kutosha kukagua, basi hatuna wataalamu wa kutosha kuendesha. Huwezi kusema dereva tunaye, breki tutanunua mbele ya safari. Na chombo cha ukaguzi hakihitaji kuanza kikubwa. Kinahitaji kuanza kikiwa huru.

*"Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki litakagua."* Tanzania ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1976, na msaada wake ni mkubwa. Lakini kazi ya wakaguzi wake hasa ni kuhakikisha urani haigeuzwi silaha. Kwenye usalama wa kituo, shirika hutoa viwango na ushauri, na hutuma timu nchi ikiomba. Halitoi leseni, wala halina ufunguo wa kuzima mtambo wako. Mwenye jukumu ni nchi. Na Mkataba wa Usalama wa Nyuklia, uliopitishwa Vienna mwaka 1994, unasema katika kifungu cha 8 kwamba kazi ya mdhibiti itenganishwe na kazi ya wanaohamasisha au kutumia nyuklia. Kwa hiyo anayetuambia tuitegemee dunia, dunia yenyewe inasema tutenganishe.

*"TAEC iko Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, haiko Nishati wala Madini. Tayari imetengwa."* Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nampongeza aliyeileta. Ni kweli, tuko afadhali kuliko Japani ya zamani. Lakini kutengwa na wizara mbili hakuondoi kazi mbili zilizomo ndani ya Tume yenyewe. Mtunza hesabu wetu wa kile chama naye alikaa chumba cha peke yake, mbali na mwenyekiti.

*"Haya ni mambo ya usalama wa taifa."* Walinzi wanakaa wapi na mzigo unasafiri saa ngapi, hiyo iwe siri, sina ugomvi. Kiasi cha mionzi katika kisima cha kijiji si siri ya taifa. Anayekunywa maji ana haki ya kujua anachokunywa.

*"Tutamkimbiza mwekezaji, na nchi inahitaji umeme."* Umeme tunauhitaji, na mimi si mpinzani wa nyuklia. Lakini Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limetupa nafasi ya kupumua. Hatuko gizani kiasi cha kuruka hatua. Na mwekezaji wa kweli haogopi mkaguzi, anaogopa sheria isiyojulikana kesho itasema nini. Anayetaka mkaguzi laini, tumuulize anataka kuficha nini.

*6. KWA NINI NI KAZI YA TAWI LETU*

Mwanachama mwenzetu mmoja, mama wa shina la pili, anauza samaki wa Bahi sokoni Majengo, kambale na perege wabichi na wa kukaanga. Ameniruhusu nilisimulie hili. Kuna kipindi maneno ya urani yalizagaa mjini kwamba samaki wa Bahi wana sumu. Hakuna aliyekuwa na kipimo mkononi. Wateja wake wakaanza kumuuliza "hawa wa wapi?" Akisema Bahi wanaondoka, akisema Mtera wananunua. Akanieleza, "Katibu, mimi sikutaka kudanganya, lakini watoto lazima wale." Akadanganya wiki tatu, na bado linamuuma.

Samaki wale inawezekana hawakuwa na tatizo lolote. Lakini kulikosekana mtu ambaye akisema "nimepima, ni salama" watu wote wangemwamini. Hiyo ndiyo faida ya mkaguzi huru ambayo wengi hawaioni. Mkaguzi asiyeaminika hata akisema kweli hasaidii. Siku mgodi ukifunguliwa, hautawatisha wa Bahi peke yao. Utagusa mpunga wao, samaki wao na kila anayeuza au kula vitu hivyo Dodoma mjini, tukiwemo sisi.

Na sisi watu wa Dodoma tusisahau tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilishindwa kupanda kilima cha Igandu, ikarudi nyuma bila breki, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wakati ule SUMATRA ilikuwa bado haijaanza kazi, na shirika lililoendesha treni ndilo lililozitazama breki zake. Baada ya msiba tulipata mdhibiti wa usafiri. Kwa nini kila mdhibiti wetu azaliwe makaburini? Kwa nyuklia tunaomba azaliwe kabla.

*7. AZIMIO LITAKALOPIGIWA KURA JUMAPILI*

Tawi linaomba vikao vya juu vya chama vichukue msimamo na kuufikisha serikalini na kwa wabunge wetu kwamba:

*Moja.* Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 irekebishwe, udhibiti uwe kazi ya chombo cha peke yake, na kazi ya kuhamasisha iende kwingine. Hilo lifanyike kabla ya leseni ya kituo chochote cha umeme wa nyuklia.

*Mbili.* Mkuu wa chombo hicho awe na muda wa kazi uliowekwa na sheria, na asiondolewe ila kwa sababu zilizoandikwa na kuthibitishwa. Ripoti yake ya mwaka isomwe Bungeni.

*Tatu.* Bajeti ya ukaguzi isitegemee ada za wale wanaokaguliwa. Ada ziende Hazina, mkaguzi alipwe na Bunge. Mkaguzi anayelipwa na anayemkagua atajifunza kufumba jicho moja.

*Nne.* Kabla ya shimo lolote la mgodi kuchimbwa Bahi au Manyoni, maji, udongo, mpunga na samaki vipimwe, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji. Wahasibu tunaita salio la mwanzo. Bila hilo, miaka 10 baadaye kampuni itasema mionzi ilikuwepo tangu zamani, na hakuna atakayeweza kuibishia.

*Tano.* Mfanyakazi wa mgodi au kituo anayetoa taarifa ya hatari alindwe kwa vitendo. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi tunayo tangu 2015. Mdhibiti awe na mlango wa kupokea taarifa hizo, na jina la mtoa taarifa lisirudi kwa bosi wake kama ilivyotokea Japani.

*Sita.* CAG akague ufanisi wa udhibiti wa mionzi kwa ratiba inayojulikana, na ripoti ijadiliwe hadi huku chini.

*8. NENO LA MWISHO*

Wapo walionipigia simu usiku, kwa nia njema, wakasema Katibu achana na hili, mwaka huu una uchaguzi wa ndani na wewe una watoto. Nimewasikia na nawashukuru. Lakini mnanilipia vocha na nauli nitunze daftari la tawi hili, na kila robo mwaka mnamleta mtu mwingine alikague. Sijawahi kuchukia. Nikimwona anafungua kabati la risiti, najua usiku nitalala. Ninachoomba kwa nyuklia ya Tanzania ni kile kile mnachonifanyia mimi kwa michango ya shilingi elfu mbili mbili.

Ndugu yetu wa ile sauti ya Alhamisi, nakukaribisha Jumapili. Nitaomba mwenyekiti akupe dakika 10 kama zangu. Ukitushawishi azimio ni baya, tutapiga kura ya kulikataa na mimi nitaandika muhtasari kama ilivyo. Lakini njoo na jibu la swali moja: ungekubali mimi nitunze hela za tawi, nizitumie, halafu nizikague mwenyewe?

Wanachama mje na kadi zenu, zilipiwe kabla ya kikao. Akidi isipotimia saa 9 na nusu, kikao kinaahirishwa na azimio halitafika Kata mwezi huu. Shina la pili na la tano mlikuwa wachache mara iliyopita. Msirudie.



*Katibu wa Tawi*
Dodoma